Mfarishi wa Babu Nasoro

Kanga mpya ina harufu yake, na sijui kuieleza kwa mtu ambaye hakukulia nayo. Ni dondo, ule wanga wa kiwandani, ni rangi, ni kitu kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Juzi msichana mmoja tunayefanya kazi pamoja hapa Nizwa, Omani, alirudi kutoka kutembea Unguja, akaniwekea doti juu ya meza, bado imo ndani ya nailoni. Nikaifungua, nikaisogeza puani, na kazi ya asubuhi ile ikanishinda. Mwenyewe akadhani rangi haikunipendeza. Nikamwambia rangi ni nzuri mno, ila kuna doti moja niliyoiona utotoni ambayo hainitoki, na habari yake si ya kusimuliwa ofisini. Basi naisimulia hapa, kwa wenzangu wa rika langu, ambao nao walilelewa na bibi.

Nilikulia Ibra, nyumbani kwa Bibi Zuwena, mama yake mama. Baba alikuwa akifanya kazi Maskati na tulimwona mwisho wa wiki. Mama alikuwa muuguzi, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi. Na katika chumba cha uani, kile ambacho mlango wake unatazama mitende, alikaa mdogo wake Bibi, Babu Nasoro. Alikuwa mzee mwembamba, shuka kiunoni, fulana nyeupe, redio ndogo pembeni. Zamani aliendesha gari la maji mpaka macho yakamkatalia. Akitaka kuingia ndani alikohoa kwanza mlangoni, hata kama tuliomo ni sisi watu wake tu, kisha akaingia, akanywa kahawa yake na tende, akatoka.

Yeye na Bibi hawakugombana hata siku moja, lakini hawakuzungumza pia. "Umeamkaje, Dada?" "Salama, Nasoro. Kahawa hiyo." Basi, imekwisha mpaka kesho. Mimi nikajua kuwa ndugu wakizeeka maneno huwaishia, kama meno.

Bibi alikuwa na sifa moja inayojulikana mtaa mzima: hakasiriki. Umwage maziwa, uvunje kikombe cha seti, akuangalie tu, aokote vigae. Jirani mmoja alikuwa na tabia ya kutuibia zamu yetu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, mitende yetu ikakaa na kiu, na Bibi akasema maji ni ya Mungu. Akina mama wakisema Bi Zuwena hana nyongo. Wakimsifia mbele yangu nami nikajivuna. Niliamini kabisa kwamba wapo watu wanaozaliwa bila hasira, kama walivyopo wanaozaliwa bila kipaji cha kuimba.

Katika sanduku lake, chini ya nguo zote, ilikuwapo doti nyekundu ambayo haijakatwa. Kanga, mnajua, huuzwa mbili zikiwa zimeungana, na mwanamke huzikata na kuzipinda kabla ya kuzivaa. Hii ilikuwa bado nzima, na mikunjo ya dukani ilikuwa imegeuka mistari. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia aliitoa, akaifukiza udi, akairudisha. "Hii aliniletea babu yako," alinambia.

Babu yangu huyo, Babu Salum, sikumwona, wala Mama hamkumbuki. Alikuwa askari, na aliuawa katika vita vya kusini, milimani, Mama akiwa bado ananyonya. Tulivyojua sote, aliinunua ile doti akampa Nasoro amletee mkewe, na Nasoro akaileta siku ile ile aliyoleta habari ya kifo. Nilipojua kusoma mara ya kwanza nililisoma jina la ile doti, yale maneno ya kanga, herufi kubwa nyeusi chini ya mji, ile sehemu yake ya katikati: HASIRA HASARA.

"Ndiyo," akasema Bibi. "Ndivyo alivyoniambia."

Mimi nililipenda neno lile kwa mlio wake. Nikawa nalirukia kamba uani, hasira mguu huu, hasara mguu ule, na Bibi ameketi barazani ananisikia. Hakunikataza. Nilipokwisha kuwa mtu mzima ndipo Mama aliponieleza nilikuwa naruka juu ya nini. Siku Babu Salum alipoondoka kwenda kusini, yeye na Bibi walikuwa wamegombana. Bibi alikuwa hajatimiza mwaka tangu kutoka Unguja, Kiarabu hakijui, mawifi wanamcheka akifungua mdomo, na mtoto mchanga mkononi. Akamwambia mumewe amrudishe kwao. Mume akamjibu, kwao wapi, nani amebaki wa kukupokea. Asubuhi alipoondoka, Bibi alijifungia chumbani, hakutoka kumuaga. Kilichofuata kumfikia kutoka kwake ni ile doti, na maneno yake mawili.

Mwaka ninaousimulia, mwalimu wangu wa skuli, Mwalimu Rahma, alipata wazo. Alikuwa msichana aliyezaliwa huku huku, Kiswahili chake cha kuokoteza kwa nyanya zake, lakini hakuona haya kukisema. Alikuja kwetu na mfuko mtupu.

"Bibi, kanga yako ya zamani usitupa," akasema. "Tunakata vipande, tunashona mfarishi, halafu tunawapa wazee ya jeshi. Baridi inakuja, na hawa wazee, walla, hakuna mtu anawakumbuka."

Wazee wenyewe wengi walikuwa watu wetu, waliokuja vijana kutoka Unguja na Pemba wakaingia jeshini kwa kuwa ndiyo kazi iliyokuwapo. Ikakubaliwa kila nyumba ishone mfarishi mmoja. Bibi ndiye aliyejua kushona wa aina ile, kwa hiyo baraza yetu ikawa karakana. Baada ya alasiri akina mama walikuja na kanga zao kuukuu, laini kwa kufuliwa, nyingine zimepauka mpaka hujui zilikuwa rangi gani. Zikakatwa vipande vya mraba, vikapangwa sakafuni, vikaungwa kwa cherehani. Kisha bitana ya kitambaa cha marekani chini, pamba ya kuchambua katikati, na juu yake mishono ya mkono, bandi ndefu ndefu kutoka ukingo mpaka ukingo. Pamba na nyuzi tulinunua soko la wanawake, Jumatano. Kazi yangu ilikuwa kutia uzi kwenye sindano, maana macho mazima yalikuwa yangu.

Bibi aliweka sharti moja: kila kanga ikatwe jina lake kwanza. "Mzee wa watu hamjui aliyeivaa kanga hii, wala aliyekuwa anasutwa," alisema. "Mnataka alale na ugomvi wa wanawake juu ya kifua?" Yale majina tukayakata, yakawa fungu la vitambaa virefu kwenye pembe ya baraza. Siku moja Mwalimu Rahma, kwa kuwa kusoma Kiswahili kulimpa tabu, akaunga kipande chenye maneno WIVU WAKO HAUNIFIKI, tena upande wa kichwani, ambapo mzee angeamka nayo kila asubuhi. Akina mama walicheka mpaka wakafutana machozi. Bibi akafumua polepole, hakumsema kitu.

Mimi askari nilikuwa nawajua. Niliwaona kwenye gwaride la televisheni, warefu, vifua mbele, buti zinang'aa. Kwa hiyo niling'ang'ania mfarishi wetu uwe mkubwa, miguu yao isije ikatoka nje. Mpaka siku Mwalimu Rahma alipoupima kwa kamba akauliza, "Huyu ni wa Babu Nasoro, sawa?"

Nilicheka peke yangu. Babu Nasoro, mwenye redio na fulana? Nilipoacha kucheka niliona wote wananitazama.

"Babu Nasoro alikuwa askari?" nikauliza.

"Yeye na babu yako waliingia siku moja," akasema Bibi, naye akaendelea kushona.

Jioni Babu Nasoro alikohoa mlangoni, akaingia, akapewa kahawa. Alikuwa amesikia. "Dada," akasema, "mimi msinishonee. Mpeni mwengine."

"Kwa nini, Nasoro?"

"Baridi hainisumbui."

Huu ulikuwa uongo wa mchana. Babu Nasoro akilala na sweta mbili, na soksi alizivaa mpaka jua linapochomoza. Lakini alikiweka kikombe chini akatoka, na Bibi akabaki na sindano mkononi. Nilimwona ameumia. Siku ile alimwambia Mama maneno ambayo niliyasikia vizuri, kwa kuwa watoto wakitulia watu husahau kuwa wapo.

"Nasoro anaona haya kuwa yuhai," alisema. "Alikwenda na mume wangu, akarudi peke yake. Miaka yote hii hanitazami machoni, anadhani nina kinyongo naye. Nitamwekea kitu cha Salum katikati ya mfarishi. Akilala nacho atajua sina."

"Kitu gani?" Mama akauliza. "Ile doti?"

"Ile doti."

"Mama, utaikata?"

"Nitaikata," Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejihimiza.

Siku ya pili yake, wenzetu walipokwisha kwenda zao, aliitoa sandukuni. Baraza ikajaa ile harufu, dondo la miaka na miaka pamoja na udi. Akaitandaza juu ya mfarishi ambao sasa ulikuwa na nafasi moja tu wazi, pale katikati. Mama alikuwa amekaa karibu yake. Mkasi umekwisha kushikwa. Ndipo tukasikia kikohozi, na Babu Nasoro akaingia kufuata kahawa yake. Akaiona.

"Dada, usiikate hiyo."

"Ya mume wangu," Bibi akasema. "Naikata nikupe wewe."

"Si ya mume wako."

Bibi akamtazama. Babu Nasoro alibaki amesimama, mkono kwenye ukuta.

"Salum hakunipa kitu," akasema. "Hakupata nafasi ya kumpa mtu kitu. Nilishushwa bandarini Matrah, nikakumbuka kuwa nakuja kwako na habari ile, na mikono mitupu. Mtu hatoki safari mikono mitupu. Nikaingia duka la kwanza. Mwenye duka akaniuliza ipi, nikamwambia hiyo nyekundu. Njiani nikaona afadhali nikwambie ni yeye. Nilidhani itakupoza."

"Jina ulilisoma?"

"Mwanamme asome kanga? Sikusoma, Dada. Nilikuona wewe unasoma. Nikauona uso wako. Ndipo nikajua pana kitu kimeandikwa pale, na mimi nishasema ni yeye."

"Na baadaye?"

"Baadaye, kila nikikohoa pale mlangoni, nilikuwa nimekuja kukwambia."

Mimi nilikuwa na sindano mkononi na uzi umenitoka. Kisha Bibi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya msichana:

"Salum alisema nini, siku ile?"

Babu Nasoro akafikiri. Angeweza kumtungia kitu kizuri pale pale, na nadhani sote tungemshukuru. "Alisema chai haina sukari," akajibu. "Akamtukana mpishi. Tukacheka. Kisha ndiyo ikatokea."

"Mimi hakunitaja?"

"Hakukutaja, Dada. Kwa ubaya wala kwa uzuri. Tulikuwa tunakunywa chai."

"Kwa hiyo hata hii si yake," Bibi akasema. Alikuwa ameishika doti kwa mikono yote miwili. "Sina kitu chake. Sina hata kimoja."

Halafu Bibi akakasirika. Aliutupa mkasi sakafuni, ukaruka mpaka kwenye mlango. Sauti ikamtoka, kubwa, ya kukwaruza, ikasikika bila shaka mpaka kwa yule mwizi wa maji. "Umenifunga mdomo, Nasoro. Kwa neno la dukani ambalo hata kulisoma hukulisoma. Wamenicheka mawifi, nikanyamaza. Wamenidhulumu majirani, nikanyamaza. Kila nikitaka kusema naona Salum ananitazama, ananambia, unaona, nilikwambia. Na kumbe yeye maskini alikuwa anataka sukari." Babu Nasoro aliinamisha kichwa, na alipoona dada yake amekwisha akatoka taratibu.

Mimi nilikimbilia kwenye mkoba wa Mama nikaleta Panadol na gilasi ya maji. Nilijua ni homa. Mtu ambaye hana hasira akipiga kelele vile ni lazima anaumwa. Mama akaipokea ile gilasi akanywa maji mwenyewe.

"Bibi yako haumwi, mwanangu," akasema. "Mwache."

Kisha alifanya jambo ambalo sikulielewa. Alikwenda chumba cha uani, nami nikamfuata, akakaa chini mlangoni kwa mjomba wake kama mtoto mdogo. "Mjomba," akasema, "chai alikuwa anaipenda tamu sana?"

"Tamu mpaka kijiko kisimame," akajibu Babu Nasoro.

Mama akataka kujua na nini tena. Mzee akaanza kusema. Alisema kuhusu miguu ya Babu Salum iliyokuwa mipana hata buti hazimfai, na kuhusu anavyosinzia akiwa amesimama, na kwamba alikuwa na sauti mbaya ya kuimba na bado aliimba sana. Mama alikaa pale mpaka adhana ya magharibi, akicheka na kulia kwa pamoja. Babu Nasoro sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi vile. Mama yangu alipata baba siku ile, tena baba wa kuchekesha, na mpaka leo akikoroga chai humtaja.

Lakini Bibi hakupoa. Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa haikaliki. Mwizi wa maji alifuatwa mpaka mlangoni kwake akaambiwa alichokuwa hajapata kuambiwa, na tangu hapo zamu yetu haikuguswa. Mwalimu Rahma aliambiwa mishono yake ni ya kufungia magunia. Mimi nilikatazwa kuruka kamba. Akina mama waliulizana kwa macho, Bi Zuwena kapatwa na nini. Kahawa ya Babu Nasoro ilipitia mikononi mwangu. "Mpelekee yule," alisema Bibi, na yule akaipokea bila ya kuniuliza neno. Mfarishi ulikaa umekunjwa, na lile tundu lake katikati.

Niliogopa sana. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akikaribia kufa hubadilika tabia, nikawa namchungulia Bibi akilala kama anapumua. Sasa ndiyo naelewa kuwa alikuwa amefiwa upya. Mwanzo alimlilia mume aliyekufa na kinyongo, na kinyongo kile kikawa ndiyo mazungumzo yao. Alikuwa na mtu wa kumjibu, wa kumwonyesha kila siku kuwa amejirekebisha. Huyu wa pili hakumwachia lolote, si lawama wala msamaha. Alikunywa chai akafa. Sijui mwanamke anafanyaje na mauti kama hayo, na namwomba Mungu asinifundishe.

Asubuhi moja nilimkuta barazani, amekwisha kuikata ile doti. Aliniambia nimtilie uzi mwekundu. Kanga moja aliipinda kwa mkono, bandi ndogo ndogo kama za mashine. Ya pili aliikata jina, akalitupa kule kwenye fungu pamoja na wivu wa watu, na mji wake akauweka katikati ya mfarishi, ukaingia sawasawa. Alishona mpaka adhuhuri, amekunja uso. Alipomaliza akapitisha kiganja juu ya kile kipande chekundu, akaniambia askari wangu huyu miguu haitatoka nje.

Siku ya kutoa mifarishi watu walikusanyika skuli kwetu, wazee wamekaa kwenye viti vya wanafunzi, kanzu safi, magoti yanakaribia videvu. Walikuwa wembamba wote. Hakuna hata mmoja aliyefanana na wale wa televisheni. Kila nyumba ilikuwa imwite mzee wake. Babu Nasoro alikuja, kwa kuwa Mama alimbembeleza, lakini alisimama nje ya mlango, upande wa viatu, na akasema hapo panamtosha.

Bibi alikuwa amejitanda ile kanga nyekundu. Dondo lilikuwa bado halijatoka, ikawa imesimama mabegani kama ya bibi harusi. Wanawake wetu, mnawajua, hawasalimii mtu kabla ya kumsoma. Walimsoma. Mmoja wao, mtu mzima mwenzake, akaishika ncha akaipapasa.

"Mashallah, Bi Zuwena. Kanga za siku hizi si nzito hivi. Kakuletea nani?"

Mama akaniminya mkono. Bibi aligeuka, akamtafuta kwa macho yule aliyesimama penye viatu, na akasema kwa sauti ya kumfikia:

"Ndugu yangu, Nasoro. Nilipofiwa na mume wangu alinijia kutoka mbali, na hakunijia mikono mitupu. Sikupata kumshukuru."